Viatu vya Macho

Buzebazeba, Jumamosi, baada ya magharibi

Mwavita mwanangu,

Begi lako liko mlangoni. Zipu yake umeifunga kwa pini kwa sababu hukutaka ninunue begi jingine. Baba yako ameliinua, akaguna, akalirudisha chini na kwenda kuoga. Wewe uko Ujiji kwa bibi yako kuaga, na bibi yako haruhusu mtu aondoke kabla hajala mara mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha ya kuandika.

Sitaandika habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kuandika habari za darubini.

Jana niliikuta juu ya kabati langu, imefungwa kwenye kanga. Nilipokuuliza ulisema, "Ni ya kazi yako, Mama. Mimi nitaazima huko." Nikanyamaza. Wewe ukadhani nimekubali. Leo nimeiweka ndani ya begi, katikati ya sweta na zile suruali za bwawani, na barua hii iko chini ya mkanda wake. Ukiisoma utakuwa umeshafika Uvinza unasubiri gari la kambi ya kuhesabu ndege, na kuirudisha itakuwa kazi kubwa kuliko kwenda nayo. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Unanijua.

Ulisikia mwenyewe mkubwa wa kambi alivyosema. Uliweka simu kwenye spika ili na mimi nisikie. Alisema utakuwa kwenye majaribio mpaka mvua ziishe, na kwamba kila mhesabu ndege aje na darubini yake, inayoweza kufanya kazi kwenye mvua, kwa sababu za kambi hazitoshi. "Mtu asiyeona hatuwezi kumwandikia kazi," alisema. Alisema kwa upole, lakini alisema. Sasa unataka kwenda kuazima macho kwa watu ambao wamekwambia hawana ya kuazimisha. Kazi uliyoitafuta tangu umalize chuo unataka kuiweka rehani kwa ajili yangu. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Darubini ile niliinunua kwa mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kongo na shehena ya vitenge na sabuni. Ilikuwa chini kabisa ya mzigo, imefungwa kwenye gazeti. Kioo cha mbele cha kushoto kilikuwa na kifuniko, cha kulia hakikuwa nacho, na vile viwili vya machoni vilikuwa wazi. Nikamwuliza vifuniko vingine viko wapi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mama," akasema, "nakuuzia macho, unaniuliza kope?"

Kile kifuniko kimoja nacho hakikukaa. Nilikuwa nimeinama juu ya mtumbwi kuangalia dagaa, kikachomoka, kikazama kama jiwe. Nilibaki nikitazama mahali kilipozamia, kana kwamba kingenihurumia kirudi.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo labda hukumbuki vizuri nilivyoitumia. Wanawake wenzangu walisubiri mitumbwi ifike, kisha wakaingia majini mpaka kiunoni kugombania dagaa kwa kelele. Mimi nilikaa kwenye mawe ya juu na kuangalia mitumbwi ikiwa bado mbali. Mtumbwi uliovua vizuri unakaa chini. Ubavu wake unaonekana mwembamba juu ya maji, kama utepe. Uliokosa unaelea juu juu kama beseni. Nikishajua ni upi, najua nisimame wapi ufukweni, na bei tunaongea taratibu kabla ya fujo. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu kwamba nina sauti ndogo, na pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, mwenye sauti ndogo hununua mabaki.

Walinicheka sana. Mama Shukuru, aliyekuwa akianika dagaa jirani yangu, alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa Kiha chake, kisha anaongeza lake.

"Mwakeye, Mama Darubini! Hebu tuambie, Kongo wamepika nini leo?"

"Ugali umeiva," namjibu. "Wanasubiri wewe uvuke na mboga."

Basi kuna asubuhi moja ulikuwa nami, umevaa sketi ya shule, darasa la tatu nadhani. Nikaona mtumbwi umekaa chini kuliko yote. Utepe mtupu. Mwenye mtumbwi alikuwa pale ufukweni, nikampa pesa ya awali palepale ili mwingine asinitangulie. Wewe ukaomba uangalie. Nikakupa ili unyamaze. Ukaikunja kwenye bawaba yake ya katikati kwa mikono miwili mpaka ikatosha macho yako, ukatazama kwa muda mrefu.

"Mama, mbona yule wa nyuma anachota?"

"Anachota nini?"

"Anachota anamwaga. Anachota anamwaga."

"Nyamaza, mama. Watu wazima wanaongea biashara."

Mtumbwi ulipofika ulikuwa umepasuka ubao. Ndani mlikuwa na maji nusu ya mtumbwi, na dagaa wachache wakielea juu yake kama viungo kwenye mchuzi. Mama Shukuru alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Shajara yangu ya siku ile ina mstari mmoja tu: "Leo nimenunua maji ya ziwa."

Lakini usiku ule nilikaa nikikufikiria wewe. Mimi nilitafuta ubavu mwembamba, nikaupata, nikaacha kutazama. Wewe hukuwa ukitafuta kitu. Uliuona mtumbwi wote, na watu waliokuwemo, na mkono wa yule wa nyuma. Tangu siku ile kila nilipokuwa na shaka nilikupa uangalie, nikakuuliza, "Unaona nini?" Hukuwahi kuniambia kile ninachotaka kusikia. Ukiona mtumbwi mtupu, ulisema mtupu. Wafanyabiashara wenzangu walidhani mtoto ananisindikiza. Hawakujua nimeajiri.

Na hapo ndipo ukaanza kuiba muda wa darubini. Mimi nikimaliza na mitumbwi, wewe unaanza na ndege. Nilikuwa nikiishika asubuhi na kuikuta imekunjwa, imebana, kwa sababu macho yako yako karibu kuliko yangu. Nilikuwa naipanua nikilalamika. Jioni unaikunja tena. Miaka yote hiyo hatukuwahi kukubaliana kuhusu upana wa darubini ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia mwenzake aiache.

Kuhusu vifuniko, mimi ndiye niliyetafuta kwanza, na wewe unajua nilivyopata. Kifuniko cha kopo la mawese. Kilikaa sawasawa kwenye kile kioo cha kulia kana kwamba kimetengenezwa kwa ajili yake. Nilikisugua kwa sabuni, nikakisugua kwa majivu, nikakinusa, nikaridhika. Kumbe plastiki ikishakunywa mawese haiyatapiki yote. Ikakaa juani siku nzima dirishani, mafuta yakajitokeza yenyewe na kutambaa kwenye kioo. Kesho yake nikainua darubini, na ziwa lote lilikuwa rangi ya chungwa. Mitumbwi kama imo ndani ya moshi. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwita baba yako, nikamwambia napofuka, hata biashara basi tena, anipeleke hospitali.

Baba yako alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanitazama jicho moja, akanitazama la pili. Unajua anavyopima mashine za boti, hana haraka.

"Macho yako mazima," akasema. "Ila unanuka mchuzi."

Wewe ndiye uliyekisafisha kile kioo. Nilichukua upande wa kanga nikataka kusugua, ukanishika mkono. "Kuna mchanga, Mama. Ukisugua utachora." Ukapuliza kwanza. Ukageuza darubini kioo kikiangalia chini, ukapuliza tena. Kisha pamba, kisha maji ya vuguvugu na tone la sabuni, kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje, pamba mpya kila mara. Nani alikufundisha? Hakuna. Ulikuwa umeona tu kwamba mchanga wetu, huu tunaoanikia dagaa, ni mwembamba unaoingia popote. Nilikaa pembeni kama mgeni nikikutazama, nikafikiri: mtoto huyu ana mikono ya mtu anayependa kitu kibaki kizima.

Kwa hiyo mwaka huu ulipopata kazi ya bwawani Malagarasi, na tukaanza kutafuta vifuniko vya kweli pamoja na kifuniko cha mvua, ningepaswa kukuachia wewe kazi hiyo tangu mwanzo. Lakini mimi ni mama, na mama anataka awe ametoa kitu.

Tulikwenda mjini kwa yule mpiga picha wa karibu na stesheni. Akatutolea boksi zima la vifuniko vya kamera, vingine vipana kama sahani ya kikombe, vingine vidogo kama kitufe cha koti. "Darubini?" akasema. "Mama, hapa watu wanataka picha za kitambulisho." Tulijaribu vyote. Tukamshukuru. Hapo nikapata akili yangu kubwa: nikapiga simu kwenye duka moja Dar es Salaam bila kukuambia. Muuzaji akaniuliza kipimo. Nikaangalia darubini, nikaona imeandikwa pale juu nane kwa arobaini na mbili. "Arobaini na mbili," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua.

Vikaja kwa basi. Nilikuwekea mezani kama zawadi. Ukachukua kimoja, ukakiweka. Kikakaa juu ya mdomo wa darubini kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu.

Nilisubiri ucheke. Hukucheka. Ulikata kipande cha karatasi, ukazungushia bomba la mbele, ukaweka alama kwa kalamu, ukalaza karatasi kwenye rula, ukagawanya. "Hiyo arobaini na mbili ni upana wa kioo chenyewe," ukaniambia. "Sisi tunafunika bomba, na bomba ni nene kuliko kioo." Kisha ukaona uso wangu. "Umesaidia, Mama. Sasa tunajua kimoja kisichoingia."

Mwavita, mimi nimefika kidato cha nne. Nimefanya biashara miaka mingi, nimekosolewa na watu wengi sana. Hakuna aliyewahi kunikosoa hivyo. Niliondoka mezani nikiwa na kosa langu lote mkononi na bila aibu hata kidogo. Sijui ulitoa wapi kipaji hicho. Si kwangu. Mimi ningecheka.

Duka lile lilisema vya ukubwa wetu hawana, na aina ya darubini yetu haitengenezwi tena. Mimi nilikata tamaa siku ile. Wewe ukaenda kutembea ufukweni, ukarudi na ndala.

Ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto, iliyotupwa na ziwa. Ukaiosha, ukaiweka kwenye beseni la maji, ukaikandamiza chini kwa kidole, ukaiachia. Ikaruka juu. Ukafanya tena. Baba yako akauliza kama umechoka kusubiri safari. "Kile cha kwanza kilizama, Baba," ukamwambia. "Mimi nitakuwa kwenye mtumbwi kila siku. Nataka kinachoelea." Nilikuwa nimekusimulia habari ya kile kifuniko ukiwa mtoto. Sikujua umeitunza miaka yote.

Na ile siku ya Mzee Rajabu, fundi viatu, sitaisahau. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya mafundi pale sokoni Ujiji, lakini sijawahi kufurahi vile. Ulimsalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kiatu kiko wapi?"

"Leo hakuna kiatu, babu."

Ukampa darubini. Akaiinua kinyume, akatazama upande wa mbele. "Ah! Mbona umenipeleka mbali? Wewe umekuwa mdogo kama sisimizi!" Ukamgeuzia. Akatazama barabarani, akamwona mtu aliyemdai, akaishusha haraka. Tulicheka wote, hata kijana mmoja aliyekuwa amevua kiatu akisubiri soli yake.

Ukamweleza unachotaka. Akakuna kichwa kwa shazia, ile sindano yake nene ya kushonea. "Kwa hiyo ina macho mawili, unataka jozi."

"Jozi mbili, babu. Ya mbele na ya nyuma."

"Miguu ya Ujiji yote nimeivisha mimi," akasema. "Leo nashona viatu vya macho."

"Na soli yangu?" kijana akauliza.

"Soli yako ingoje. Huyu anaenda kazini. Wewe unaenda kunywa kahawa."

Nilikutazama ukifanya naye kazi. Ukamchorea duara kwenye ndala. Akakata. Pembeni akazungushia utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli ili ushike bomba, na kipande kingine kirefu cha kufungia kifuniko kwenye darubini kisipotee. Cha kwanza kilibana. Mzee alikuwa anajisifu jinsi kilivyobana, anavuta kinatoa sauti kama busu, na wewe ukasubiri amalize kujisifu. Kisha ukasema, "Kizuri, babu. Ila nikiwa na kasia mkono mmoja nitakivua kwa mkono mmoja tu." Akafikiri. Akakilegeza. Ukamwomba akate upenyo mdogo chini, mdogo kama kucha, ili unyevu utoke na kuvu lisiote kwenye kioo. "Ahaa," akasema, "basi kinapumua." Kuanzia hapo alikuwa mtu wako. Angekushonea na kofia.

Ile jozi ya nyuma ikawa kifuniko kimoja cha mvua, cha juu, cha kufunika vioo vyote viwili vya machoni, mlichokitengeneza kwa ngozi ya bandia ya kiti cha pikipiki. Hapo ndipo nilipoingilia. Wewe ulitaka kifungwe kwenye mkanda upande mmoja tu.

"Mzee Rajabu," nikasema, "weka vitanzi pande zote mbili. Kisije kikapotea."

"Upande mmoja unatosha, Mama," ukasema.

"Pande zote mbili."

Mzee akasimamisha sindano hewani. Akanitazama mimi, akakutazama wewe. "Mwenye mguu ni nani hapa?"

Ukacheka. "Fuata ya Mama, babu."

Siku iliyofuata mvua ilipokuja tulipanda mlimani kule Bangwe kujaribu. Tulisimama bila mwavuli kama watu waliofukuzwa nyumbani. Mvua ilipiga, vifuniko vyako vikakaa, na ulipovua vya mbele vioo vilikuwa vikavu kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele. Halafu ukashtuka, ukanong'ona, "Mama, yule," na ukainua darubini kwa haraka. Kile kifuniko cha juu, kwa sababu kilikuwa kimefungwa huku na huku, kikapanda pamoja na mkanda kikakugonga kidevuni na kukaa mbele ya macho. Ukakivuta kushoto, kikagoma. Ukakivuta kulia. Ulipopata kutazama, hapakuwa na kitu ila mvua.

"Umemwona?" nikakuuliza.

"Nimeona mkia."

Nilijua ni ndege uliyekuwa ukimtaka, kwa sababu njia nzima ya kurudi ulikuwa unatembea ukiangalia nyuma. Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani nikajaribu mwenyewe. Niliinua darubini na kifuniko changu kikanigonga mdomoni.

Sasa nifike kwenye Alhamisi, kwa sababu najua Alhamisi ndiyo iliyokufanya uiache kabatini. Ulinikuta pale mwaloni, juu ya mawe yangu yale yale, nimeinua darubini. Nyuma yako mitumbwi ilikuwa inaingia. Ukanipungia mkono, ukashusha mkono polepole, na nikaona umefanya hesabu zako. Ulifikiri: Mama bado anaihitaji, ila hasemi.

Mwanangu, siku hizi nahodha ananipigia simu akiwa bado katikati ya maji. Ananiambia amepata nini kabla sijamaliza kunywa chai. Sijasoma ubavu wa mtumbwi kwa darubini tangu ulipokuwa chuoni. Mama Shukuru mwenyewe ana simu mbili.

Nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unatembea ukingoni mwa maji ukitokea upande wa Bangwe, na ukasimama kwa sababu mdiria, yule ndege mvuvi, alikuwa amesimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa bila kwenda popote, kama wanavyofanya. Ulichuchumaa. Wimbi likaja likalowesha sketi yako, ukaacha. Likaja jingine. Watoto wanaocheza mpira wakapita nyuma yako, mmoja akakuita jina, hukugeuka. Ulibaki vile mpaka ndege akajitupa, akapata samaki wake, akaondoka. Ndipo ukasimama na kujikamua sketi, ukitabasamu peke yako. Nilikuona vizuri sana, mpaka maji kwenye nyusi zako. Nimeitumia darubini ile kutafuta riziki miaka yote hiyo, na sikuwahi kuona ndani yake kitu kilichonipendeza vile.

Kwa hiyo kazi yake kwangu imekwisha, na imekwisha vizuri. Usiniachie.

Kuna jambo moja tu nataka kukuomba, na si la chandarua. Pale kwa Mzee Rajabu uliniambia mara moja kwamba upande mmoja unatosha. Ulikuwa sahihi, na ulijua uko sahihi, ukanipisha kwa sababu mimi ni mama yako. Heshima yako naipenda. Watu wa mtaa huu wote wananisifia kwa ajili yake. Lakini huko bwawani atakuja mtu mwenye sauti kubwa kuliko yangu akwambie pande zote mbili. Sema mara ya pili, Mwavita. Kwa upole ule ule uliotumia kwenye vile vifuniko vya Dar es Salaam. Mimi ningekusikia mara ya pili. Nadhani ningekusikia.

Leo mchana ulipotoka nilichukua wembe nikakata kitanzi cha upande wa kulia. Nimeunguza ncha za uzi kwa kiberiti zisifumuke. Nimesimama mlangoni nikajaribu: nikiinua, kifuniko kinaanguka chenyewe upande wa kushoto, kinaning'inia pale, hakisumbui. Baba yako alikuwa ananitazama ninainua na kushusha, nainua na kushusha. Akauliza naona nini. Nikamwambia naona Kongo wanapika.

Na jambo la mwisho. Nilipoifungua ile kanga jana, niliikuta darubini imepanuliwa. Ulikuwa umeipanua kwa macho yangu kabla ya kuniachia. Hukuwahi kufanya hivyo hata mara moja katika maisha yako, na nilikaa kitandani nikiwa nimeishika kwa muda.

Nimeikunja tena. Kipimo chako nakijua kwa mikono. Ukiitoa kwenye begi usiguse bawaba, inua tu uangalie.

Mama yako